Kiberiti kiko wapi? Habari za jiko la zamani lililotaka kuhamia kwangu

Wiki iliyopita kwenye kipindi niligusia habari ya jiko, muda ukaisha nikakatiza, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. "Ulinunua au hukununua?" Haya, kaeni vizuri. Hii hadithi haikuwa ya dakika tatu.

Mnajua tulihamia Berwyn mwaka juzi, hapa hapa College Park, mashariki ya Route 1, karibu na ile njia ya baiskeli inayofuata reli ya tramu ya zamani. Nyumba ndogo, kuukuu, sakafu inalia ukitembea usiku. Tulikuta jiko la gesi la pleti nne, na tulilitumia bila kulifikiria mpaka Novemba, oveni ilipokufa. Pleti mbili za nyuma zikaifuata. Fundi akasema kipuri chake kinakaribia bei ya jiko jipya.

(Siku ya harusi yetu wajomba walimpigia mume wangu makofi: "Hongera, umepata jiko!" Kwa wale ambao hawakukulia na msemo huu: kwa Kiswahili mwanamume akioa tunasema kapata jiko. Usinianzishie. Mwezi mzima wa Novemba nilimkumbusha kwamba jiko analo, ila halina oveni.)

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee mmoja anayejiandaa kwenda kuishi na binti yake. Alikuwa anauza vitu vyake, tukaingia kuangalia meza. Meza sikuiona hata kidogo. Jikoni kwake kulikuwa na Chambers ya miaka ya 1950, nyeupe, imenenepa, vishikio vinang'aa kama bampa ya gari la zamani. Ukiangalia vipindi vya mapishi vya Marekani huenda umeiona ndugu yake: Rachael Ray alipikia Chambers kwenye 30 Minute Meals. Mzee alitaka dola 900. Mume wangu akaninong'oneza, "Ya kale ni dhahabu." Mimi nilishaanza kuipima kwa mikono.

Msinicheke, sikupenda sura tu. Nyinyi mnajua tabu ya majiko ya kisasa: pleti zimebanana, ukiweka sufuria ya pilau ya watu ishirini, ile ya mchuzi inaning'inia pembeni kama abiria wa daladala. Kwenye Chambers katikati pana bamba la kukaangia, kwa hiyo pleti zimeachana, sufuria mbili kubwa zinakaa bila kugombana. Chini ya bamba hilo kuna moto wa kubabua kwa juu. Nikawaza mkate wa kumimina. Bibi yangu Tanga aliuoka kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Hapa nimejaribu kwenye oveni mara sijui ngapi, chini unaungua, juu umepauka kama mgonjwa.

Halafu kuna jambo lililonimaliza kabisa. Chambers zilitengenezwa Shelbyville, Indiana, na sifa yao kubwa ilikuwa kupika gesi ikiwa imezimwa. Kuta za oveni zimejazwa nyuzi nene za kuzuia joto. Unapasha, unaweka nyama, baada ya muda unafunga gesi, chakula kinaendelea kuiva kwa joto lililobaki ndani. Juu, nyuma, kuna shimo refu lenye sufuria yake, kazi yake ni hiyo hiyo kwa supu na maharage. Mwenzangu, huko si ndiko kupalia? Wali ukikauka maji, unapunguza moto chini, unatia makaa machache juu ya mfuniko, unauacha ujimalize wenyewe. Niliona kama bibi yangu na wahandisi wa Indiana walikaa baraza moja.

Nikampigia mama. Mama anakaa Langley Park, ila Machi anahamia kwetu, kwa sababu mtoto anakuja Aprili (ndiyo, sasa mmejua wote, asanteni) na hakuna mtu atakayemzuia kunipikia uji wa pilipili manga siku arobaini.

"Shikamoo mama. Tunataka kununua jiko."

"Marahaba mwanangu. Vizuri. Jipya?"

"La zamani. La miaka sabini."

Kimya. Halafu: "Mimi nimepanda ndege kuyakimbia majiko ya zamani, wewe unayalipia?"

Nikamwambia kauli ya mume wangu, kwamba ya kale ni dhahabu. Akasema hajawahi kuona mtu akichemshia maharage kwenye dhahabu.

Kabla ya kutoa hela tulimpeleka fundi wa gesi mwenye leseni. Hili ndilo neno langu moja kwa yeyote anayetamani kitu kama hiki: usilipe kabla ya fundi. Huku Prince George's kazi za mabomba ya gesi zinasimamiwa na WSSC Water, wale wale wanaotuletea maji, kwa hiyo si kazi ya binamu mwenye spana. Fundi alilala sakafuni nusu saa nzima, akatoka na orodha.

La kwanza ndilo zito. Jiko la kisasa la aina yenye kimoto kidogo kinachowaka muda wote, tunachokiita pailoti, lina kijiti cha chuma ndani ya moto huo. Kikiwa cha moto kinatoa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaoshikilia mlango wa gesi uwe wazi. Upepo ukizima moto, kijiti kinapoa, umeme unakatika, mlango unajifunga. Oveni ya mzee haikuwa na kitu hicho. Unafungua gesi, unawasha kiberiti, basi. Moto ukizimika bila wewe kujua, gesi inaendelea kutoka. Kifaa cha kuzuia kinaweza kufungwa, ila ni kazi na ni pesa.

La pili lilikuwa nyuma. Bomba la kunyumbulika lilikuwa la shaba nyeupe tupu, halina ngozi ya plastiki. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, CPSC, imeonya miaka mingi kuhusu mabomba ya namna hiyo: viungo vya mwisho huachia, na kulisogeza jiko tu kunatosha kuviachisha. Kwa hiyo kama una jiko lililokaa ukutani tangu zamani za kale, usilivute ili ufagie nyuma yake. Mwite fundi alibadilishe.

Mengine yalikuja haraka haraka. Tuliweka oveni 350, kipimajoto kikasoma 420. Majiko mengine ya umri ule yana asbesto kwenye viungo na nyuzi zake, kwa hiyo usilifungue mwenyewe kwa bisibisi. Pailoti za juu zinawaka usiku na mchana, na Julai ya Maryland haihitaji msaada. Na si joto tu: watafiti wa Stanford walipima majiko ya gesi ya majumbani, wakachapisha mwaka 2022 kwamba sehemu kubwa ya methane inavuja jiko likiwa limezimwa, na yaliyovujisha zaidi yalikuwa yale ya pailoti. Jiko lenyewe lina upana wa inchi 37, nafasi yetu ni ya inchi 30, ile ya kawaida. Kabati lingekatwa. Tukijumlisha marekebisho, wabebaji wanne na seremala, dola 900 zikawa kama 2,000.

Bado nililitaka. Nasema ukweli. Nilishaanza kumwambia mume wangu kwamba gari linaweza kusubiri matairi.

Jumamosi mama akaja kuliona. Alivaa koti la baridi juu ya kanga, mkononi mfuko, ndani ya mfuko sufuria zake mbili za aluminiamu, ile ya pilau na ile ya mchuzi. Alimsalimu mzee vizuri, akampa pole ya kuhama, kisha akaziweka sufuria juu ya pleti bila kuomba ruhusa. Zikakaa. Akazungusha mishikio. Akaingiza mkono kwenye lile shimo refu mpaka kwenye kiwiko, akaguna.

"Aliyetengeneza hiki alikuwa na akili," akaniambia. "Maharage yanalala humu, asubuhi yameiva."

Moyo wangu ukaruka. Nikajua nimeshinda.

Kisha akafungua mlango wa oveni, akaangalia, akauliza, "Kiberiti kiko wapi?"

Mzee akampa. Mama akapiga magoti, maana tundu la kuwashia liko chini kabisa, karibu na sakafu. Magoti yake mnayajua, nimeyasimulia hapa. Akafungua gesi, ikalia sss, kiberiti cha kwanza kikavunjika. Cha pili kikawaka, moto ukashika kwa pumzi moja, fuu, kama mtu aliyeshtuka. Si jambo la ajabu, mzee alisema ndivyo linavyowaka siku zote. Mama akasimama taratibu, akamshukuru, akazirudisha sufuria kwenye mfuko.

Hakusema neno mpaka tulipoingia kwetu. Akavua koti, akakunja mkono wa blauzi, akanionyesha lile kovu la mkono wa kushoto. Nimeliona maisha yangu yote. Siku zote nilidhani ni uji. Hakuna aliyeniambia ni uji, nilijiambia mwenyewe nikiwa mdogo, na sikuwahi kuuliza.

Lilikuwa jiko la mafuta ya taa, nyumbani kwa shangazi yake, Tanga, yeye ana miaka kumi na nne. Aliambiwa aliwashe kabla shangazi hajarudi sokoni. Lilimlipukia. Hakusimulia kwa kirefu. Alisema tu kwamba shangazi alirudi akamgombeza kwa kumwaga mafuta, na kwamba kesho yake alfajiri aliliwasha tena, kwa mkono wa kulia, kwa sababu watu wanakula kila siku.

"Mimi sijakataa jiko lako," akasema. "Ni zuri. Nauliza tu, saa kumi na moja alfajiri, wewe umelala na mtoto, nani atapiga magoti pale?"

Kwenye majadiliano yetu yote, mimi na mume wangu tulisema "matumizi ya kila siku" kama mara mia. Tulipima inchi, tukapima dola. Hatukuwahi kutaja jina la mtu mwenye kila siku hiyo.

Na kikohozi chake pia, kile mnachokisikia nyuma kwenye kipindi tukirekodi kwake. Amekulia kwenye kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 kwa mwaka 2020 pekee. Tanzania ilizindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya watu wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Mama alifuatilia hotuba za Rais Samia kwenye simu kama wengine wanavyofuatilia mpira. Mimi nilikuwa namwonyesha picha za Chambers.

Basi, hatukununua. Mimi simkatazi mtu. Kama jiko lako ni pana, una feni inayotoa hewa nje ya nyumba, una pesa ya kuliwekea vifaa vya usalama, na mpishi wa nyumba ni wewe mwenyewe mwenye magoti mazima, nenda, na unialike. Sisi tulifikiria pia la umeme la sumaku, lakini sufuria za aluminiamu haziwaki juu yake, na kumwambia mama atupe sufuria zake ni kesi nyingine. Tulikwenda Community Forklift, lile ghala la vitu vilivyotumika kule Edmonston, tukapata la gesi la inchi 30, linawaka kwa kubonyeza. Halina sura. Bei yake haikufika theluthi ya zile 2,000, na zilizobaki nyingine zimeingia kwenye feni ya kutoa hewa nje, ambayo jiko lolote la gesi linaitaka, jipya au kuukuu.

Chambers ilichukuliwa na vijana wawili waliokuja na lori kutoka Baltimore. Niliangalia dirishani mpaka walipokata kona. Mkate wa kumimina bado unapauka juu, mwenye dawa aniandikie.

Kuhusu lile shimo la maharage, mama hakulisahau. Jumapili alichemsha sufuria nzima dakika ishirini, akaifunga kwa blanketi, akaitia ndani ya lile kasha la barafu tunalobebea soda tukienda pikiniki Lake Artemesia, akafunika. Jioni mume wangu akarudi, akaenda moja kwa moja kwenye kasha kutafuta soda.

"Funga haraka!" mama akapiga kelele kutoka sebuleni. "Maharage yamelala!"