Kabla ya Kuingia, Tazama Pa Kutokea

Wengi wetu huchagua programu ya simu au ya kompyuta kwa maswali mawili: ni ya bure? Na wenzangu wanaitumia? Ni maswali ya haki, lakini yote mawili yanahusu kuingia. Swali la kutoka tunalikumbuka siku kampuni inapouzwa, inapobadili masharti au inapofunga huduma, na siku hiyo majuto huwa mjukuu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika biashara ya intaneti methali hiyo inahitaji nyongeza: ukishaingia ndani, tazama kama kuna mlango wa nyuma, na kama unatosha kupitisha mizigo yako. Programu inayofaa ni ile inayokuruhusu kuondoka na kilicho chako, na kipimo hicho kinastahili kutangulia bei na umaarufu.

Historia fupi ya intaneti imejaa nyumba zilizobomolewa wapangaji wakiwa ndani. GeoCities ilikuwa mahali ambapo watu wa kawaida walijitengenezea kurasa bila malipo. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3, na Oktoba 2009 ikaifunga. Kurasa nyingi zilizosalimika ziliokolewa na watu wa kujitolea waliokimbizana na muda kuzinakili. MySpace ilinunuliwa mwaka 2005 kwa dola milioni 580, ikauzwa mwaka 2011 kwa takriban milioni 35. Mwaka 2019 ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Mwanamuziki ambaye nakala yake pekee ilikuwa huko hakuwa na pa kudai. Skype, iliyowaunganisha walioko ughaibuni na jamaa zao nyumbani, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5. Mei 5, 2025 ikazimwa.

Hakuna haja ya kutafuta ubaya wa mtu katika hayo. Huduma ya bure ina gharama za seva, umeme na mishahara, na lazima mtu azilipe: mtangazaji, mwekezaji au kampuni mama. WhatsApp katika miaka yake ya mwanzo ilitoza dola moja kwa mwaka katika nchi kadhaa. Facebook ikainunua mwaka 2014 kwa dola zipatazo bilioni 19, na mwaka 2016 ada ile ikafutwa. Mtumiaji aliona unafuu, lakini kilichobadilika ni anayelipa, na anayelipa ndiye mwenye neno la mwisho. Hesabu za mlipaji zikibadilika, huduma nayo hubadilika au hufa, wala mtumiaji hana kura. Mpangaji asiyelipa kodi hawezi kushangaa nyumba ikiuzwa, ila anaweza kujua mapema vyombo vyake viko wapi na vitabebwa vipi.

Tofauti huonekana pale mlango wa kutokea ulipowekwa tangu mwanzo. Google Reader, huduma ya kufuatilia habari za tovuti nyingi mahali pamoja, ilifungwa Julai 1, 2013, na wasomaji wake walisikitika sana. Hata hivyo, orodha ya tovuti walizozifuata ilipakuliwa kama faili ambalo huduma nyingine zililifahamu, hivyo walihama na kuendelea kusoma. Mfano wa pili unatugusa wenyewe. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu OpenOffice ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuisambaza. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun, mlezi wa OpenOffice, mwanzoni mwa 2010, wataalamu wengi walioijenga walihofia mustakabali wake. Mwaka huohuo wakachukua msimbo na kuanzisha LibreOffice, inayoendelea hadi leo. Hati zilizohifadhiwa kwa muundo wa wazi, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, zinafunguka bila kuomba ruhusa ya mmiliki yeyote. Mwenye nyumba alibadilika, vyombo vikabaki salama.

Kuna anayejibu kwamba mimi peke yangu siwezi kuhama. Kikoba kiko WhatsApp, kamati ya harusi iko huko, wateja wako huko. Nikitoka nitazungumza na nani? Hoja hii ni nzito, na ndiyo inayozipa kampuni nguvu zao. Lakini kifungo cha namna hiyo kimewahi kulegezwa karibu nasi. Zamani aliyetaka kuacha kampuni ya simu ilimpasa kuacha na namba yake, kwa hiyo wengi walivumilia huduma mbaya. Kenya iliruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017. Lililohitajika lilikuwa kanuni, na kanuni ikatungwa. Umoja wa Ulaya nao, kupitia sheria yake ya masoko ya kidijitali, umeitaka WhatsApp ifungue njia ya kupokea ujumbe kutoka huduma nyingine zinazoomba. Barua pepe imekuwa hivyo kwa miongo: wa Yahoo humwandikia wa Gmail bila shida. Wabunge na wasimamizi wa mawasiliano wa Afrika Mashariki wana kila sababu ya kulidai hili kwa niaba yetu.

Mwingine atasema programu huria nazo hufa, na baadhi ni ngumu kutumia. Ni kweli. Miradi mingi huria imekosa walezi ikazorota, na fundi wa mtaani huenda asiijue programu unayomletea. Ndiyo maana simshauri mtu aache kila alichozoea. Kinachotakiwa ni kupima kila programu, ya bure au ya kulipia, kwa swali lilelile: naweza kupakua vitu vyangu vyote, na vikafunguka kwingine? Google huruhusu mtu kupakua data za akaunti yake. WhatsApp huruhusu kutoa mazungumzo kama faili la maandishi. Milango hiyo ipo, ila haifunguki yenyewe.

Basi, msomaji, chagua siku moja ya mwezi huu. Nakili picha za familia kwenye diski iliyo mkononi mwako. Andika namba za wateja kwenye daftari au faili lisilotegemea akaunti yoyote. Hifadhi hati muhimu kwa muundo unaofunguka katika programu zaidi ya moja. Kisha, kabla ya kupakua programu mpya, uliza kwanza utatokaje. Isiyo na jibu, usiikabidhi kitu ambacho hauko tayari kukipoteza.