Kifafa na Udhibiti wa Neva juu ya Moyo

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili husemwa kuwa mtu ameanguka kifafa au ameshikwa na kifafa. Semi hizi zimejengwa juu ya kile kionekanacho kwa macho, yaani mwili ulioanguka na viungo vinavyojikaza na kutikisika. Yanayoupata moyo wakati huohuo hayamo katika semi hizo. Makala haya yanakusudia kuyaeleza.

2.0 Jinsi Moyo Unavyodhibitiwa

Moyo una chanzo chake wenyewe cha mapigo. Kazi ya neva ni kuyarekebisha mapigo hayo pasipo hiari ya mtu. Neva za simpathetiki huyaharakisha, ilhali zile za parasimpathetiki, zinazopita katika neva ya vagasi, huyapunguza. Mizani hii husimamiwa na shina la ubongo, ambalo nalo huathiriwa na sehemu za juu zaidi kama vile haipothalamasi, amigdala na insula.

3.0 Athari za Kifafa

3.1 Wakati wa Kifafa

Kifafa hutokea pale seli nyingi za ubongo zinapotoa umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Umeme huo ukianzia katika sehemu ya ubongo iliyo karibu na panja, huweza kuzifikia amigdala na insula kwa urahisi. Mara nyingi matokeo yake ni mapigo kwenda mbio, pengine hata kabla ya dalili za nje kuonekana. Kwa wagonjwa wachache hutokea kinyume chake: mapigo hupungua, au moyo husimama kwa sekunde kadhaa. Hapo damu haifiki ubongoni ipasavyo, na mgonjwa hulegea akaanguka.

Hivyo basi, kitenzi kimoja, *anguka*, kinabeba sababu mbili tofauti. Mtazamaji huweza kudhani kuwa huyu amezirai tu. Kinachotofautisha ni kupima umeme wa ubongo na wa moyo kwa wakati mmoja.

3.2 Baina ya Kifafa Kimoja na Kingine

Katika moyo wenye afya, muda kati ya pigo na pigo hubadilikabadilika kidogo. Kwa watu wengi wenye kifafa, hasa kile kisichotulizwa na dawa, mabadiliko hayo hupungua. Hii ni ishara kwamba mizani ya neva imeyumba.

4.0 Kifo cha Ghafla

Kwa makadirio, mtu mzima 1 kati ya kila 1,000 wenye kifafa hufa ghafla kila mwaka pasipo sababu nyingine kubainika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, kuhusu vifo vilivyotokea wagonjwa wakiwa chini ya vipimo hospitalini, ulionyesha kuwa baada ya kifafa cha mwili mzima pumzi ilikatika kwanza, kisha moyo ukasimama. Wengi wao walikuwa wamelala kifudifudi.

5.0 Hitimisho

Imedhihirika kuwa kifafa hakikomei kwenye viungo. Kutumia dawa bila kukatiza, kumlaza mgonjwa kwa ubavu na kuiangalia pumzi yake mpaka azinduke ni mambo yanayoweza kuokoa maisha. Anayeishia kuona anguko tu huenda akaondoka mapema mno.