Masharti ya Mkopo na Wabishi wa Nyumbani

Desemba 1979 Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha wa Tanzania. Alishazungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), akaona hata sharti chungu la kushusha thamani ya shilingi linajadilika. Rais, Mwalimu Nyerere, alikataa. Mwanzoni mwa 1980 akahoji hadharani nani aliyeipa IMF kazi ya kuwa wizara ya fedha ya kila nchi. Swali hilo ni la haki, na mpaka leo halijajibiwa vya kutosha.

Hazina, hata hivyo, ilikuwa imekauka. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilikuwa vimekula fedha za kigeni, bei ya mafuta imepanda, na sabuni na sukari zikawa za kupangia foleni.

Wengi husimulia kwamba Tanzania ilisalimu amri Agosti 1986, Rais Mwinyi alipokubaliana na IMF. Hiyo ni nusu ya habari. Ubishi kuhusu mageuzi ya uchumi ulishakuwa ndani ya serikali, chama na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa waziri wa fedha, ilishusha shilingi, ikaondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mkataba wa 1986 na IMF haukuwepo bado.

Ndivyo masharti yanavyofanya kazi: yanaongeza nguvu upande mmoja wa wanaobishana nyumbani. Waziri anayetaka kufuta ruzuku hupata kinga, husema wafadhili wamedai. Mpinzani wake hunyamazishwa kabla hoja yake haijapimwa. Na pale ambapo hakuna mwenyeji anayelitaka sharti, sahihi hutiwa, fedha hupokelewa, utekelezaji hukwama.

Hasara kubwa naiona kwenye uwajibikaji. Ada za shule za msingi zilizofutwa miaka ya 1970 zilirudi wakati wa mageuzi hayo, zikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mzazi aliyeshindwa kulipa angemwajibisha nani? Serikali ilielekeza kidole kwa wafadhili, nao wakasema sera ni ya serikali.

Masharti ya kila mkopo yaletwe bungeni na kujadiliwa kabla ya sahihi, kwa Kiswahili. Msomaji, mwulize mbunge wako kama ameyasoma ya mkopo wa mwisho.