Wikendi ya Bahari kutoka Lyon: Tiketi ya Euro 10 Inagharimu Kiasi Gani?

Tiketi ya kwanza niliyonunua kwenda kuiona Mediterania ilikuwa ya euro 10, nami nikajiona mjanja kweli. Nilikuwa na miezi saba Lyon, nimeshiba mawingu, na mtu aliyekulia Tanga akikaa miezi saba bila kunusa chumvi huanza kuota ngalawa. Nikalipa upesi, nikawatambia wenzangu bwenini. Usiku wa kuamkia safari ndipo niliposoma tiketi sawasawa. Treni haikuondokea Part-Dieu, stesheni iliyo katikati ya mji. Iliondokea Saint-Exupéry, stesheni ya uwanja wa ndege, kama kilomita 20 nje ya mji, na tramu ya moja kwa moja ya kunifikisha huko ilikuwa na nauli kubwa kuliko tiketi yenyewe. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Jina la stesheni lilikuwa limeandikwa pale pale, kwa herufi zinazosomeka.

Tangu siku hiyo nina swali moja ninalowapa wanafunzi wageni wanaoniuliza habari za pwani. Usiulize tiketi ni bei gani, uliza saa moja ya bahari itakugharimu kiasi gani. Jumlisha kila senti tangu unapofunga mlango wa chumba chako hadi unapoufungua tena, kisha gawanya kwa saa utakazokuwa macho huko uendako. Mwanafunzi ana vitu viwili tu vya kutumia, pesa chache na siku mbili, na tiketi rahisi mara nyingi hukuachia pesa lakini ikakuibia siku.

Njia nne za kushuka bonde la Rhône

Kutoka Lyon hadi Marseille ni zaidi kidogo ya kilomita 300. Reli ya kasi ya huku kusini ilifunguliwa mwaka 2001, na leo treni ya kasi, TGV, hukimbia umbali huo kwa saa 1 na dakika 45 hivi. Juu ya reli ile ile hupita treni za aina mbili. Inoui ni ile ya kawaida, yenye behewa la vinywaji. Ouigo ni ya bei ya chini: haina behewa hilo, viti vimesogezana, na unaruhusiwa begi moja la kuingia nalo ndani na mkoba mmoja mdogo. Begi kubwa hulipiwa zaidi. Ukiwahi wiki kadhaa kabla, Ouigo hupatikana kwa euro 10 hadi 20. Ukingoja hadi Alhamisi, tiketi hiyo hiyo yaweza kupita 40. Kama una mkoba wa mgongoni tu na uhakika wa tarehe, hapo huna cha kujadili. Lakini soma jina la stesheni, ya kuondokea na ya kushukia. Montpellier, kwa mfano, ina stesheni mbili: Saint-Roch iko mjini, na Sud de France, iliyofunguliwa mwaka 2018, iko pembeni kabisa ya mji. Kosa langu la Lyon waweza kulirudia kule.

Treni ya mkoa, TER, ni mzee asiye na haraka. Hupitia Valence, Montélimar, Avignon na Arles, na huchukua karibu saa 3 na dakika 45. Sifa yake kubwa ni kwamba bei haipandi kadiri siku inavyokaribia. Ukiamua Ijumaa usiku kwenda Jumamosi asubuhi, unakuta nauli ile ile, na ukiikosa treni moja unapanda inayofuata. Bila punguzo si rahisi, ila mikoa ina kadi zake za vijana, na punguzo la wikendi huweza kufika nusu. Uliza dirishani kabla ya kulipa bei kamili.

Mabasi ya FlixBus na BlaBlaCar Bus huchukua saa 4 hadi 5 na nauli yake hukaribiana na ya Ouigo ya mapema. Faida yake huonekana pale tu Ouigo inapokwisha. Njia ya nne ni kuchangia gari la mtu kupitia BlaBlaCar, ambako nafasi moja mara nyingi huwa euro 20 na kitu. Utafika kwa saa 3 na nusu, na utakuwa umefanya mazoezi ya Kifaransa zaidi kuliko muhula mzima darasani. Ila jihadhari na Jumamosi za Julai na Agosti. Barabara ya A7 ndiyo mfereji ambao nusu ya Ufaransa hushukia kwenda likizo, na idara ya taarifa za barabara, Bison Futé, hupaka siku hizo rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Siku nyeusi usipande gari la mtu yeyote, hata akikubeba bure.

Kadi ya euro 49: kwa nani?

Wanafunzi wengi hununua Carte Avantage Jeune wiki ya kwanza tu, kwa sababu kila mtu anayo. Ni ya wenye umri wa miaka 12 hadi 27, euro 49 kwa mwaka, na hukata asilimia 30 kwenye TGV Inoui na treni za Intercités. Hesabu yake ni nyepesi. Ili asilimia 30 ifike euro 49, lazima tiketi zako za mwaka ziwe na thamani ya euro 163 kabla ya punguzo. Anayekwenda Paris mara tatu kwa mwaka atairudisha pesa yake. Anayetaka wikendi moja tu ya bahari, tena kwa Ouigo, asinunue: Ouigo haiitambui kadi hiyo.

Miji mitatu, bahari moja

Nice ndiyo inayouzwa kwenye kadi za posta. Maji yake ni ya buluu kweli kweli, na treni ya mkoa hukupeleka Villefranche-sur-Mer, Monaco na Menton kwa euro chache kila kituo, ukiwa na bahari dirishani njia nzima. Lakini reli ya kasi haifiki huko. Baada ya Marseille treni hupunguza mwendo, na kutoka Lyon utatumia kama saa 4 na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ufuko wenyewe ni wa kokoto, nyingine kubwa kama viazi, na sehemu za ufuko zenye viti vya kulalia ni za kulipia. Nenda Nice ukiwa na siku nne. Na ukivuka hadi Italia, beba pasipoti pamoja na kibali cha ukaazi, maana ukaguzi mpakani ni jambo la kawaida.

Montpellier ina mchanga mrefu na laini kuliko wa wenzake, lakini mji wenyewe haumo baharini. Kutoka katikati ya mji hadi Palavas au Carnon ni kama kilomita 10, kwa tramu kisha basi, au kwa baiskeli ukiweza. Utasikia watu wakisema usafiri huko ni bure. Ni bure kwa wakazi, tangu Desemba 2023; mgeni hulipa tiketi yake.

Marseille ni ya tofauti: unashuka stesheni ya Saint-Charles, unateremka ngazi, na baada ya dakika ishirini za mguu uko bandarini Vieux-Port. Dakika kumi na tano zaidi, uko Catalans, ufuko mdogo wa mchanga, bure. Basi namba 83 hupita kando ya bahari hadi fukwe za Prado, ambazo zilijengwa miaka ya 1970 kwa kifusi kilichochimbwa wakati wa kutengeneza metro. Wanaopenda kutembea huenda Calanques, magenge meupe yaliyozamisha miguu baharini. Mguu wako ndio nauli. Maangalizo mawili: Calanque ya Sugiton, tangu 2022, inahitaji kujiandikisha siku za kiangazi, bure lakini watu 400 tu kwa siku. Na kuanzia Juni hadi Septemba njia zote zaweza kufungwa kwa hofu ya moto, kwa hiyo angalia tangazo jioni ya siku iliyotangulia.

Kulala na kula

Kitanda katika chumba cha watu sita au wanane kwenye hosteli za vijana huwa euro 25 hadi 45 kutegemea msimu. Beba kufuli na taulo lako, maana vitu hivyo vidogo ndivyo hosteli nyingi hukutoza pembeni, juu ya kodi ya wageni inayodaiwa na mji. Bora zaidi ni godoro la mwenzako anayesoma kule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wikendi ina siku mbili kamili, hata jembe halitafutwi. Nunua tu mchele na kuku wa jioni ya kwanza.

Kwenye chakula, kipimo changu ni sahani ya mkahawa wa chuo, ile ya CROUS, idara ya huduma za wanafunzi, niliyokuwa nikiilipia euro 3.30. Bouillabaisse, mchuzi wa samaki ambao Marseille inajivunia hadi wapishi wake wakauandikia mkataba mwaka 1980, huzidi euro 50 kwa mtu mmoja katika migahawa inayoufuata mkataba huo. Hizo ni sahani 15 za chuo kwa bei hiyo. Sikuwahi kuuonja na sijutii. Asubuhi nilikwenda kuwatazama wavuvi wakiuza samaki wao pale Vieux-Port, kisha nikapanda Noailles, soko lenye mihogo, bamia na pilipili kama Kariakoo iliyokunjwa ikatiwa kwenye vichochoro vitatu.

Hapo ndipo Marseille ilipowapita Nice na Montpellier kwa namna isiyoandikwa kwenye tiketi. Mji huu una Wangazija wengi mno, na kila nilipogeuka nilisikia lugha iliyokuwa kama ya jirani inayosikika kupitia ukutani. Mama mmoja alikuwa na kapu la mikate bapa yenye ufuta, ndugu kabisa wa mkate wa ufuta wa Unguja. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea. Akanitazama, akanifungia mkate, nikampa euro 2. Akasema: “Marahaba.” Nikaondoka nimefurahi kwamba salamu yangu imeitikiwa. Baadaye ndipo nikaelezwa kuwa kwa Kingazija marahaba ni asante. Mama wa watu alikuwa anashukuru sarafu yake tu.

Lini?

Mtu wa Bahari ya Hindi hujidanganya kwamba jua likiwaka basi maji ni ya moto. Mei, Marseille inaota jua la kutosha, lakini bahari bado inauma mifupa. Hata Julai, upepo wa mistral ukivuma siku mbili husukuma maji ya juu yaliyopata joto na kuyaibua ya chini yaliyo baridi. Chagua Septemba: bahari ingali na joto la kiangazi, wenye likizo wamerudi makwao, vitanda vimeshuka bei. Kwepa wikendi ndefu za Mei. Na kwa tarehe yoyote, treni za Ijumaa jioni na Jumapili jioni ndizo zinazopanda bei kwanza, basi hizo ndizo za kununua mapema.

Hesabu

Haya ni makadirio yangu kwa mtu mmoja, Jumamosi asubuhi hadi Jumapili, kitanda kimoja cha hosteli. Nimetoa saa 8 za usingizi.

Marseille kwa Ouigo ya mapema: treni 32, kitanda 35, mabasi 8, chakula 30. Jumla euro 105, saa 25. Kila saa euro 4.20.

Montpellier kwa Ouigo ya mapema: jumla euro 108, saa 22 baada ya kutoa safari za kwenda na kurudi ufukoni. Kila saa euro 4.90.

Marseille kwa TER yenye punguzo la nusu: treni 50, mengine yale yale. Jumla euro 123, saa 22. Kila saa euro 5.60.

Nice kwa TGV yenye kadi: treni 70, kitanda 40, mabasi 10, chakula 35. Jumla euro 155, saa 20. Kila saa euro 7.75.

Marseille kwa tiketi ya dakika ya mwisho, 45 kwenda na 45 kurudi: jumla euro 163, saa 25. Kila saa euro 6.50. Hapo TER, yule mzee asiye na haraka, inakushinda, na BlaBlaCar kwa siku isiyo nyeusi inawashinda wote wawili.

Ukipata godoro la rafiki, futa euro 35 kwenye mistari ya Marseille. Punguzo la kadi ya euro 49 halifikii hapo kwa wikendi moja. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwanafunzi mgeni ni kutafuta mwenzake wa Marseille kabla ya kutafuta tiketi.

Jumapili ile ya kwanza niliacha ndala zangu karibu na maji pale Catalans, nikaogelea, nikarudi nikalala kwenye mchanga. Nilipozinduka alasiri moyo ulinilipuka. Kwetu ukisahau ndala ufukoni asubuhi, jioni unazifuata mikokoni. Nikamuuliza kijana wa jirani, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, maji yanajaa saa ngapi. Hakuelewa swali. Mediterania haipwi wala haijai kwa kiasi cha kuonekana, na ndala zangu zilikuwa palepale, kavu. Bahari ya namna hiyo haimpangii mtu ratiba. Iliyonipangia ni tiketi iliyoandikwa 19:00, nami nikavaa ndala nikaanza kupanda mlima kwenda stesheni.