Wazazi wana njia ya kuzuia baa karibu na shule

Mnamo Julai 2015, wakazi wa eneo la Kati walivamia mabaa na kumwaga pombe, wakilia kuwa vijana wanaangamia. Hata hivyo, Sheria ya Mututho ya 2010 ilikuwa imewapa njia tulivu zaidi ya kuwakinga watoto. Pamoja na kuharamisha kuwauzia pombe walio chini ya umri wa miaka 18, inapiga marufuku baa iliyo chini ya mita 300 kutoka shuleni. Aidha, iliagiza maombi ya leseni yatangazwe hadharani, ili mkazi yeyote awasilishe pingamizi kabla ya kamati kuamua. Leseni sasa hutolewa na kaunti. Ajabu ni kwamba wazazi wengi huamka muziki ukishaanza kulia.