Rubongi: Ujirani na Kiswahili

Rubongi ni eneo la wakulima wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda. Wenyeji wake wengi ni Jopadhola, watu wa jamii ya Waluo. Jirani zao ni Wateso, ambao mpaka uliosogezwa na Waingereza mwaka 1902 uliwagawa kati ya Uganda na Kenya. Wasemaji wa lugha hizi mbili hawaelewani. Kwa hiyo sokoni na mpakani hutumika Kiswahili.

Rubongi pia ina kambi ya jeshi, na raia wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, wakakiogopa. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwalimu atakayepangiwa huko asikidharau Kiswahili cha sokoni. Hicho ndicho kilichozaliwa na ujirani, na hapo ndipo mwanafunzi wake anapoanzia.