Sekunde chache zinavyoamua tiba ya mgonjwa wa MS

KUTEMBEA ni jambo ambalo mtu mwenye afya njema hulifanya bila kulifikiria. Kwa mgonjwa wa MS kila hatua ni kazi, na namna mwendo wake unavyopimwa inaweza kuamua iwapo ataendelea kupewa dawa au ataachishwa.

MS, yaani maltipo sklerosisi, ni maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Utando huo hufanya kazi kama plastiki iliyofunika waya wa umeme. Ukichubuka, ujumbe unaotoka ubongoni kwenda miguuni hupungua kasi au hupotea njiani.

Matokeo yake ni miguu kukakamaa au kukosa nguvu, unyayo kuburuzika, mwili kuyumba na uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika. Mwaka 2020, Shirikisho la Kimataifa la MS lilikadiria kuwa watu milioni 2.8 duniani walikuwa wakiishi na maradhi hayo. Wengi hugunduliwa kuwa nayo wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Kwa kuwa maradhi haya huonekana zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuliko katika nchi za ikweta, vipimo vingi vya mwendo vilibuniwa huko.

Mita 500 hadi mita tano

Kipimo kilichozoeleka zaidi kinafahamika kwa herufi EDSS. Kilitolewa mwaka 1983 na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa Marekani, John Kurtzke. Huanzia sifuri, kwa mtu asiye na dalili, hadi 10, ambayo ni kifo kilichosababishwa na MS.

Kuanzia alama ya nne, uzito mkubwa huwekwa kwenye mwendo. Mwenye alama nne anaweza kutembea mita 500 bila msaada wala kupumzika. Mwenye alama sita huhitaji fimbo ili atembee mita 100. Anayefikia saba hawezi kupita mita tano hata akisaidiwa, hivyo hutegemea kiti cha magurudumu.

Hata hivyo, ngazi za kipimo hicho ni pana mno. Mgonjwa anaweza kukaa kwenye alama ileile kwa muda mrefu, huku nyumbani akiona wazi kuwa safari ya kutoka chumbani hadi jikoni inazidi kuwa ndefu.

Mbio za mita saba na nusu

Mwaka 1994, Chama cha Taifa cha MS cha Marekani kiliunda jopo la wataalamu kutafuta kipimo chenye kugundua mabadiliko madogo. Miongoni mwa majaribio waliyoyachagua ni la kutembea futi 25, sawa na mita 7.62.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mstari huchorwa mwanzoni na mwingine mwishoni. Mgonjwa huombwa atembee kwa kasi yote aliyonayo, lakini kwa usalama, na akitumia fimbo yake ikiwa anayo. Hurudia mara ya pili, kisha wastani wa sekunde huandikwa.

Wataalamu wengi huchukulia badiliko la asilimia 20 kuwa lenye maana. Kwa mfano, mgonjwa aliyetumia sekunde 10 mwaka jana na sasa anatumia 12, amepoteza kitu ambacho hakipaswi kupuuzwa.

Sekunde hizo zina uhusiano na maisha halisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Neurology ulionyesha kuwa wagonjwa waliotumia sekunde sita au zaidi walielekea kuwa wale waliobadili kazi kwa sababu ya maradhi, au waliohitaji fimbo na msaada katika baadhi ya shughuli za kila siku. Waliozidi sekunde nane walikuwa na hali nzito zaidi.

Dawa iliyotegemea saa

Uzito wa kipimo hicho ulionekana wazi katika dawa iitwayo fampridini. Dawa hiyo haiponyi MS wala haizuii isiendelee. Huziba vinjia ambavyo madini ya potasiamu hupotelea kwenye nyuzi zilizochubuka, na hivyo ujumbe hupata nafuu ya kupita.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet, wagonjwa 301 walishiriki. Kigezo kilikuwa kikali: mgonjwa alihesabiwa kuwa amenufaika tu ikiwa, katika angalau vipimo vitatu kati ya vinne akiwa kwenye dawa, alitembea kwa kasi kuliko kipimo chake bora bila dawa.

Asilimia 35 ya waliopewa fampridini walifikia kigezo hicho, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Walionufaika waliongeza kasi kwa wastani wa asilimia 25.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo Januari 2010, na Umoja wa Ulaya ukafuata Julai 2011. Lakini ni dhahiri kuwa takriban wawili kati ya kila watatu hawakufikia kigezo. Kwa sababu hiyo, maelekezo ya Ulaya yanataka mwendo upimwe kabla ya kuanza dawa, kisha upimwe tena ndani ya wiki chache za mwanzo. Asiyenufaika huachishwa, hasa kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kuleta kifafa na si salama kwa wenye matatizo ya figo.

Nchini Uingereza, taasisi ya NICE ilielekeza mwaka 2014 kuwa dawa hiyo isitolewe, kwa hoja kwamba manufaa yake hayakulingana na bei yake.

Hapo ndipo kosa dogo la upimaji linapogeuka kuwa dhuluma. Joto huzidisha dalili za MS, jambo linalofahamika kwa jina la daktari wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff. Aliyepimwa mara ya kwanza kwenye joto na mara ya pili kwenye ubaridi ataonekana kupona kwa dawa isiyomsaidia. Aliyepimwa mara ya pili akiwa hakulala, anaweza kunyimwa dawa inayomfaa.

Ndiyo maana inashauriwa ukumbi uwe uleule, viatu vilevile, fimbo ileile, na saa ya siku isibadilike.

Yasiyoonekana na saa

Aidha, kutembea mita saba si sawa na kwenda sokoni na kurudi. Wapo wanaoanza kwa kasi na kuchoka baada ya mita 200. Kwa hao hutumika jaribio la kutembea kwa dakika sita, ambapo hupimwa umbali badala ya sekunde.

Pia lipo dodoso la maswali 12, MSWS-12, lililotolewa mwaka 2003. Humuuliza mgonjwa kuhusu wiki mbili zilizopita: kupanda ngazi, kusimama akifanya kazi, umbali anaoweza kwenda.

Hata hivyo, maneno peke yake nayo hayatoshi. Katika utafiti wa fampridini uliochapishwa mwaka 2019, dodoso hilo ndilo lililokuwa kigezo kikuu. Asilimia 43 ya waliopewa dawa walieleza kupata nafuu yenye maana, lakini hata asilimia 34 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walieleza hivyo hivyo. Matumaini nayo huipa miguu nguvu.

Saa haijui uchovu wala hofu ya kuanguka, na dodoso haliwezi kutenganisha nafuu na matumaini. Kwa hiyo uamuzi wa haki hutokana na vyote viwili, vikirudiwa zaidi ya mara moja.

Jambo hili linawahusu pia wagonjwa wa Afrika Mashariki, ambako MS ni nadra lakini ipo. Julai 2023, Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika orodha ya dawa muhimu, zikiwa tatu: kladribini, glatirama na rituksimabu.

Dawa hizo ni za gharama, na kipimo cha MRI hakipatikani kila mahali. Lakini ukumbi wa hospitali, tepu ya kupimia na saa ya sekunde hupatikana hata katika hospitali ya wilaya. Mgonjwa aliyepimwa kabla ya kuanza tiba, na matokeo yake yakaandikwa kwenye faili, ana ushahidi wa kulinganisha. Asiyepimwa hubaki na kumbukumbu zake tu, na zile za daktari wake.